Wale wazee wa Cuba, waliokotwa na Mmarekani kweli?

SWALI: Habari mhariri, hebu nitoe tongotongo. Kila mahali naambiwa Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani, ndo aliwaokota wazee waliosahaulika Havana akawafanya mastaa kwa jina la Buena Vista Social Club. Mi siamini, watu wanaopiga vile waokotwe tu? Na eti albamu yenyewe haikupangwa, ni kweli au porojo?

JIBU: Porojo ni hiyo ya kuokotwa. Kazi ya kuwasaka wazee na kuwaleta studio aliifanya Juan de Marcos González, Mkuba mwenyewe, wa bendi ya Sierra Maestra, na kabla Cooder hajatia mguu pale EGREM, studio ya Havana, mwezi Machi 1996 jamaa alishakusanya wakongwe kibao kurekodi albamu ya Afro-Cuban All Stars. Hadithi ilikaa vibaya kwa sababu filamu ya Wim Wenders ya 1999 kuhusu wazee hao inamfuata sana Cooder, sasa mtu akiiangalia anaona mgeni ndo mwenye shughuli.

Ila kutopangwa ni kweli. Nick Gold wa World Circuit, kampuni ya kutoa albamu ya London, alitaka wanamuziki wa Mali wapige na Wakuba, Wamali wakakwama safari, studio ipo, Cooder keshafika, basi wakaingia kwenye son (muziki wa dansi wa Cuba) na bolero (nyimbo za mapenzi za taratibu) za zamani na kazi ikaisha ndani ya siku chache.

Na hao "waliosahaulika" tusiwaweke kapu moja. Omara Portuondo hakuwahi kuacha kuimba, siku hizo alikuwa anarekodi mambo yake jengo hilohilo. Compay Segundo, miaka 88 na gitaa lake la nyuzi 7 alilolibuni mwenyewe, alishaanza kupiga Hispania. Aliyekuwa pembeni hasa ni Ibrahim Ferrer, huyo kweli alikuwa anang'arisha viatu, walitaka sauti ya bolero ndo wakamfuata. Na Rubén González, mpiga piano wa miaka 76 ambaye nyumbani hana piano, vidole vina baridi yabisi, lakini akikaa kwenye kinanda we acha tu!

Cooder tusimnyime haki yake, alilipigania lile soko la nje na serikali yake ikamtoza faini ya dola 25,000 kwa kukiuka vikwazo dhidi ya Cuba. Albamu ikatoka 1997, ikabeba Grammy, na Julai 1998 wazee wakapanda jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa New York. Kilichonichekesha zaidi ni Latin Grammy ya 2000, Ferrer ana miaka 73 wanampa tuzo ya msanii bora chipukizi, chipukizi wa wapi jamani.

Wamali nao walikuja kurekodi na Eliades Ochoa, mmoja wa wale wa Buena Vista, albamu inaitwa AfroCubism, ya 2010. Ila kama una muda wa moja tu anza na ile ya Rubén peke yake, waliirekodi studio ileile kwa siku 2.