Niulize Kwanza

Swali la wiki lilikuwa: Je, ni sawa kumwombea uponyaji mtu mwenye ulemavu ambaye hajaomba kuombewa? Jibu langu ni hapana, na sina haja ya kuzunguka. Mimi ni Mlutheri wa Tanga, mwalimu wa hesabu, natembea kwa magongo mawili tangu polio iliponipitia utotoni. Nimeombewa stendi, nimeombewa kwenye foleni ya benki, nimeombewa hospitali nilikokwenda kung'oa jino. Kuna mama aliyepiga magoti palepale stendi, akanishika goti la kushoto kwa mikono miwili, akakemea mpaka jasho likamtoka. Mguu wenye shida ni wa kulia. Nilimwacha amalize, maana basi lilikuwa bado.

Wanaonijia hivyo hunitajia miujiza ya Yesu. Haya, twende hukohuko. Pale Yeriko, Bartimayo anapaza sauti kando ya njia, watu wanamkemea anyamaze, Yesu anaagiza aitwe. Kila aliyekuwepo anaona kwamba huyu ni kipofu. Hata hivyo Yesu anamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51), kisha anangoja jibu. Stendi hilo swali silisikii.

Kinachowaharakisha watu, nadhani, ni woga. Wengi bado wanaamini mwili wenye kasoro una deni mahali fulani: dhambi ya mama, mkono wa mtu, mizimu ya ukoo. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza hivyohivyo katika Yohana 9 juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, wakajibiwa kwamba si yeye aliyetenda dhambi wala wazazi wake. Mpaka leo mama akijifungua mtoto mwenye mguu uliopinda, jirani anataka kujua huyo mama alikuwa amekosana na nani. Na ukiombewa usipopona, imani yako ndiyo ndogo. Mhubiri hakosei kamwe. Mafundi wangefurahi kufanya kazi kwa masharti hayo.

Lakini kero yangu kubwa haiko kwenye maombi. Mambo ya Walawi 21 inamkataza mtu wa uzao wa Haruni, ukoo wa makuhani, aliye kipofu, kiwete, aliyevunjika mguu au mkono, asiikaribie madhabahu kutoa sadaka. Wengi huishia hapo. Endelea mpaka mstari wa 22: mtu huyohuyo anaruhusiwa kula chakula cha Mungu wake, hata kile kilicho kitakatifu sana. Kula ale, kuhudumu asihudumu. Sasa tazama makanisani kwetu. Napokelewa vizuri mno. Natengewa kiti cha mbele, Chakula cha Bwana naletewa nilipokaa, na Krismasi kapu la mchele na mafuta linafika nyumbani ingawa mshahara naupata kila mwezi. Zamu ya kusoma Neno ndiyo isiyonifikia. Mimbari ina ngazi tatu zisizo na pa kushika, na mzee wa kanisa aliniambia, kwa upole wote, kwamba hawapendi kunisumbua. Seremala angepigilia mbao ya kushikia akamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Wakatoliki jambo hili walikuwa nalo kwa maandishi. Sheria yao ya kanisa ya 1917 ilimzuia upadri mtu aliyeonekana, kwa sababu ya mwili wake, hawezi kuhudumu altareni kwa usalama au kwa heshima. Sheria ya 1983 haina tena kifungu hicho. Sisi wengine hatukukiandika, kwa hiyo hatuna cha kufuta.

Mfano ninaoupenda kuliko yote nilipewa na ustadhi tunayefundisha naye. Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Ni yule aliyemjia Mtume wakati anazungumza na wakubwa wa Makka, na Sura ya 80, Abasa, ikashuka kwa sababu yake. Baadaye, Madina, akawa muadhini pamoja na Bilali. Mwezi wa Ramadhani Bilali aliadhini usiku ungalipo, watu wakaendelea kula daku. Waliposikia sauti ya bin Ummi Maktum ndipo walipoacha. Hebu fikiria mji mzima unaweka chini tonge kwa sauti ya mtu asiyeiona alfajiri! Aliijuaje? Watu walimwambia: kumekucha, kumekucha. Kazi ilikuwa yake, macho akayaazima. Hakuambiwa apone kwanza ndipo apande kuadhini, na Mtume aliposafiri alipata kumwachia aswalishe watu. Ustadhi alipomaliza kunisimulia alicheka mwenyewe, kwa sababu msikitini kwao, Ijumaa, mtu wa magongo akipita anawekewa mia tano mkononi kabla hajasalimiwa.

Huwa naambiwa pia nisijali, mbinguni nitakimbia. Huenda. Ila katika Yohana 20 Bwana aliyefufuka anamwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Mwili ule uliingia milango ikiwa imefungwa, na alama za misumari ulikuwa nazo bado.

Wapo wenzangu wanaotaka kuombewa, na wakisema waombewe. Bartimayo alitaka kuona, akasema. Ninachopinga ni kuamuliwa. Usharikani kwetu kuna binti kiziwi ambaye tangu Kipaimara watu wanamwekea mikono masikioni. Siku moja baada ya ibada nikamwandikia kwenye karatasi: wewe ungependa tukufanyie nini? Akaandika harakaharaka, kama aliyekuwa na jibu mfukoni. Mkalimani wa lugha ya alama, walau kwenye mahubiri. Na wakati wa matangazo mtu akae karibu naye amwandikie, kwa sababu ndipo wanapotaja ndoa, na yeye huwa wa mwisho kujua nani anaoa nani.