Jibu: Chozi wa bustanini Moshi

Ndugu, umeuliza ndege uliowaona wakinyonya maua hapo Moshi ni gani, na kuhusu kuwawekea maji ya sukari. Hao ni chozi. Wale wa Amerika wanaonyonya wakielea hewani (hummingbird) hawapo kwetu, na chozi kwa kawaida hutua kwanza ndipo anyonye. Familia ya chozi ina zaidi ya spishi 140.

Ili kuwatofautisha, tazama dume, kwani majike mengi hufanana, rangi ya kijivu-zeituni. Mweusi mwenye kifua chekundu huonekana bustanini. Mwenye mabawa ya dhahabu hupenda Leonotis, mmea wa maua ya rangi ya chungwa yanayozunguka shina mafungu mafungu. Mdomo wake uliopinda unaingia humo sawasawa. Juu Kilimanjaro, kwenye lobelia (mimea mikubwa ya mlimani), yupo wa kijani mwenye mkia mrefu.

Maji ya sukari: kikombe 1 cha sukari kwa 4 vya maji, bila rangi. Asali usiweke, huota ukungu upesi. Badilisha kila siku kipindi cha joto, maana yakichacha yanawadhuru. Lakini kupanda mishubiri (aloe) ni bora zaidi, na tafadhali acha kupulizia dawa ya wadudu: makinda hulishwa wadudu na buibui.