Anza na Hati, Ramani Ifuate

Msomaji mmoja anayesoma Chapel Hill, North Carolina, ameniandikia wiki hii. Anataka kujua mtaa aliopanga ulikuwa wa nani kabla ya wanafunzi kuujaza. Nimefurahi kuliko anavyodhani, maana kazi hii niliifanya huku nikibezwa.

Wengi hukimbilia ramani. Anza na hati. Hati ya mauzo ya kiwanja kwa kawaida hutaja iliyoitangulia, kitabu fulani ukurasa fulani. Ishike hiyo urudi nyuma. Vitabu vya Chapel Hill viko Hillsborough, kwa msajili wa hati wa Kaunti ya Orange, na fahirisi ni mbili: ya wauzaji na ya wanunuzi. Aliyeuza mtafute kwenye ya wanunuzi, utajua alinunua kwa nani. Asipoonekana, huenda alirithi, basi fungua wosia. Kwa viwanja vya katikati ya mji unaweza kurudi hadi Oktoba 12, 1793, siku jiwe la msingi la Old East, jengo la kwanza la chuo kikuu cha hapo, lilipowekwa na viwanja vya mji kupigwa mnada.

Ramani za bima ya moto za Sanborn, kampuni iliyochora kila jengo kwa ajili ya watoa bima, zije baadaye. Humo rangi ya waridi ni nyumba ya matofali, njano ya mbao, buluu ya mawe. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka nyingi mtandaoni.

Mimi nilifuatilia nyumba moja ya njano. Wakubwa wa chama kimoja cha majengo ya kale walishikilia kuwa aliijenga profesa. Hati zilisema vingine: kabla ya profesa, kiwanja kilikuwa cha mama mmoja Mweusi aliyekinunua kwa jina lake mwenyewe. Sensa ilimtaja kuwa mfua nguo. Alipokiuza, alitia alama ya X mahali pa saini. Profesa aliikuta nyumba imesimama, na ramani ilikuwa shahidi. Niliwapelekea nakala zote. Hawajajibu hadi leo, na bado inaniuma. Lakini jina la yule mama ninalo, na hakuna wa kuniambia hakuwapo.

Kwa hiyo soma hati mpaka mwisho, ndugu yangu, usiishie kwenye bei na mipaka. Katika hati nyingi za Marekani za mwanzoni mwa karne ya 20 utakuta sharti linalomkataza Mweusi kununua au kukaa hapo, isipokuwa akiwa mtumishi wa ndani. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kulitekeleza sharti hilo, na sheria ya makazi ya 1968 ikaupiga marufuku ubaguzi wenyewe, ila maneno yangali vitabuni. Rudi nyuma zaidi, kabla ya utumwa kukomeshwa 1865, utakuta watu wakiuzwa katika vitabu hivihivi vya viwanja. Usiruke kurasa hizo kwa sababu hutafuti watu. Nakili kila jina, pamoja na kitabu na ukurasa, ili atakayebisha akafungue mwenyewe.