Maswali ya Wasomaji: Bei Moja kwa Jengo la Mteremkoni

SWALI: Bwana Mhariri, kamati yetu inataka kujenga kituo cha afya chenye vyumba kumi huko Kadutu, kwenye kiwanja cha mteremko. Fedha zetu ni michango ya waumini, na hakuna atakayetuongezea. Mkandarasi mmoja anasema tumwachie kila kitu, kuanzia michoro hadi ufunguo wa mlango, kwa bei moja isiyobadilika. Mzee wetu mmoja anashikilia kwamba tumlipe kwanza msanifu majengo, kisha tuwashindanishe wakandarasi. Tufuate njia ipi? – Katibu wa kamati, Bukavu.

JIBU: Ndugu Katibu, njia ya mkandarasi wenu, ambayo mjini tumezoea kuiita kwa Kifaransa "clé en main", yaani ufunguo mkononi, si mbaya yenyewe. Mnabaki na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na kazi huanza mapema kwa kuwa msingi unaweza kuchimbwa kabla michoro ya paa haijakamilika. Udhaifu wake ni kwamba anayechora ndiye anayejenga, na kamati isiyo na mhandisi wake haiwezi kujua kama nondo zimepunguzwa kwa hesabu au kwa tamaa.

Kinachonitia shaka zaidi, hata hivyo, ni ardhi. Kila mkazi wa Bukavu anajua jinsi udongo wa miteremko yetu unavyoporomoka wakati wa mvua. Ikiwa hakuna aliyechimba hata shimo moja la kupima, bei hiyo isiyobadilika imetoka wapi? Ama mkandarasi ameongeza fungu kubwa la kujikinga, nanyi mtalilipa hata udongo ukiwa mzuri, ama ametaja bei ndogo ili aipate kazi, na atakapokutana na udongo laini atarudi kuomba nyongeza huku kuta zikiwa zimefika nusu.

Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lilitoa mwaka 1999 mikataba ya mfano inayotambulika kwa rangi za majalada yake. Katika ule mwekundu, mwenye mradi ndiye anayeleta michoro na kazi hulipwa kwa vipimo vya kilichojengwa. Katika ule wa manjano, mkandarasi ndiye anayesanifu. Katika ule wa rangi ya fedha, mkandarasi hubeba karibu kila hatari, hata ya ardhi isiyotabirika. Huo wa mwisho ndio unaofanana na ahadi mliyopewa, na FIDIC yenyewe imeonya kwamba haufai ikiwa sehemu kubwa ya kazi iko chini ya ardhi, au ikiwa wakandarasi hawakupata muda na taarifa za kutosha. (Siwaambii muutumie mkataba wa FIDIC; kwa jengo lenu ni mzigo mzito mno.)

Mzee wenu yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa naye amesahau kwamba michoro mizuri iliyochorwa bila kupima udongo itabadilishwa kwa gharama yenu. Itumieni kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kuchimba mashimo ya kupima mbele ya mhandisi anayelipwa na kamati. Baada ya hapo msanifu achore, naye mhandisi ahakikishe kuwapo kwa mikanda ya zege inayofunga kuta, maana tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 hatujalisahau. Kisha waiteni wakandarasi watatu. Msingi na ukuta wa kuzuia udongo vilipwe kwa vipimo, kwa bei ya kila mita iliyokubaliwa mapema, na kutoka sakafuni kwenda juu iwe bei moja isiyobadilika. Wekeni akiba kwa ajili ya ile sehemu ya kwanza.

Watakuwapo watakaowashauri kuajiri msimamizi tu na kugawa kazi kwa mafundi mbalimbali. Gharama inaweza kupungua, lakini hakuna anayejua jumla yake mpaka kazi ya mwisho igawiwe, nanyi hamna pa kuongezea.

Kwa kuwa fedha ni za waumini, sheria ya Kongo ya manunuzi ya umma ya tarehe 27 Aprili 2010 haiwahusu. Fedha za serikali zikiingia, ulizeni kwanza, kwani chini yake zabuni ya wazi ndiyo kanuni.

Kuhusu mkandarasi wenu, mwombeni aigawe bei yake sehemu mbili, chini ya sakafu na juu yake. Akikubali, sioni sababu ya kumwondoa miongoni mwa hao watatu.