Gitaa la baba yako, sufuria yangu

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani. Unasema huko Kolwezi umepata mafundi wanaomimina alumini, na unataka kutengeneza gitaa la kulaza mapajani kama lile la marehemu baba yako. Umeuliza mambo mawili: yeye alitumia alumini ya namna gani, na kama unaweza kulichukua gitaa lenyewe, ulikandamize kwenye mchanga liwe mfano wa kalibu, na mistari yake yote ya shingoni inayoonyesha pa kupata kila sauti.

Alumini ya namna gani! Ilikuwa sufuria yangu.

Najua hadithi unaijua. Yaya yako, mkubwa wako, huisimulia kila tukikusanyika, lakini huisimulia vibaya. Yeye husema niliitoa kwa mapenzi. Sikuitoa. Ilikuwa sufuria ya lita 20, ya kumiminwa, siyo hizi nyembamba za dukani zinazobonyea ukizitazama. Mama yangu alinipa siku nilipoolewa. Kitako chake kilikuwa kinene kama kidole changu cha mwisho, bukari, yaani ugali, ya watu wa matanga ilikuwa inaiva humo bila kuungua hata ukoko. Mkono mmoja uliwahi kuvunjika na kuchomelewa. Mimi nilikuwa muuza sufuria katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, mbele yangu zimepangwa sufuria thelathini, na hakuna hata moja niliyoipenda kama ile ya nyumbani.

Sasa uelewe mwaka wenyewe. Ilikuwa 1994, mishahara haiji, baba yako anashinda nyumbani na mikono yake haijui pa kukaa. Gitaa la kawaida alikuwa nalo, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada kama vijana wote wa Katanga waliokua wakimsikiliza Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952. Lakini akaingiwa na Hawaii. Kuna mtu alimpa kaseti. Sauti inateleza kama mtu anayelia bila kufungua mdomo. Tangu siku hiyo tukawa tunakula na Hawaii, tunalala na Hawaii. Akanieleza habari za kijana mmoja wa huko, Joseph Kekuku, kwamba kati ya miaka ya 1880 na 1890 alianza kutelezesha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibonyeza kwa vidole. Akanieleza kwamba gitaa la umeme la kwanza kuuzwa hasa, mwaka 1932 huko California, lilikuwa la alumini tupu ya kumiminwa, la kulaza mapajani, la kampuni ya Rickenbacker, mwili mviringo na shingo ndefu, hata watu wakalipa jina la Kikaango. Nilicheka. Nisingecheka. Wale angalau waliliita kikaango, hawakuyeyusha kikaango cha mtu.

Mfano aliuchonga kwa mbao ya mulombwa. Wewe ulikuwa na miaka tisa, unakumbuka maranda yake mekundu mlangoni. Kutoka nati, pale nyuzi zinapoanzia shingoni, hadi daraja, pale zinapoishia mwilini, alitaka sentimita 57. Hesabu aliifanya nyuma ya daftari la yaya yako: 57 gawanya kwa 17.8, unapata 3.2, hapo ndipo mstari wa kwanza. Unaitoa, kilichobaki unakigawa tena kwa 17.8, unapata mstari wa pili. Hivyo hivyo mpaka wa 12, ambao lazima uangukie nusu kamili, 28.5. Ukaangukia. Alinionyesha mara nne. Kisha akaichora mistari yote kwa ncha ya kisu kwenye mbao, ili itoke imechorwa kwenye chuma chenyewe.

Mimi nikamwambia, tena nilikuwa ninachambua maharagwe, sikuinua hata kichwa: mtoto wa mchanga ni mdogo kuliko mama yake.

Hilo unalijua, nimelisema maisha yangu yote, lakini nalisema tena kwa sababu ndiyo jibu la swali lako. Fundi wa sufuria anachukua sufuria nzima, anaikandamiza kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, anaitoa, anamimina pale palipobaki wazi. Inayotoka ni ndogo kuliko iliyoingia, maana alumini ikipoa inajikunja, kama milimita 13 kwa kila mita. Haionekani kwa macho. Lakini kuna mafundi wanaouza ile ya kwanza na kuiweka mtoto iwe mfano, halafu mjukuu, halafu kitukuu. Baada ya muda mteja anakuja sokoni kwangu na kikombe mkononi: mama, hii uliniuzia ya lita kumi, mbona inamwaga kwenye kikombe cha tisa? Nimetukanwa sana kwa ajili ya milimita hizo. Baba yako akanijibu kwamba sufuria ni sufuria na gitaa ni hesabu.

Siku ya kumimina nilirudi sokoni mapema, mvua ilitishia. Nikakuta uani mbabula kubwa, jiko la makaa, imewashwa, fundi wake ameketi, na sufuria yangu iko pembeni ya moto imeinamishwa, inakaushwa. Asubuhi nilikuwa nimeiosha! Fundi alikuwa mtu wa akili, alikataa kuitia motoni ikiwa na maji, kwa sababu tone likizama kwenye alumini iliyoyeyuka linageuka mvuke kwa mara moja na kurusha chuma usoni mwa watu. Pistoni nne kuukuu za lori zilikuwa zimekwisha kulegea humo kwenye chungu cha chuma.

Nikasema nini? Hapo ndipo huwa ninabishana na moyo wangu. Sikusema ndiyo. Lakini hapana pia sikusema, na sufuria ilikuwa bado nzima. Ningeweza kuinyanyua na kwenda nayo jikoni, nani angenizuia? Niliweka kitenge vizuri, nikakaa, nikashika mvukuto. Labda hiyo ndiyo kutoa. Yaya yako asisikie.

Wakaikata vipande. Sisi watu wa shaba tumezoea kwamba chuma kikiyeyuka kinawaka, maana shaba inataka zaidi ya digrii 1,080. Alumini kwa 660 tu imekwisha, na inabaki nyeupe kama zebaki, huwezi kujua kama ni ya moto. Mkono ule uliochomelewa ndio uliokawia. Ulikaa juu ya ngozi ya takataka, ukaegemea upande mmoja, halafu sikuuona tena.

Gitaa lilitoka zuri, sitasema uongo. Kilo tatu na kitu. Alilisugua wiki mbili. Mikro, ile ya kunasa sauti ya nyuzi, alitengeneza kwa sumaku ya spika iliyokufa na waya wa shaba mwembamba kama unywele, aliouchomoa kwenye koili ya rilei, akauzungushia kwa cherehani yangu, mimi nikikanyaga. Wewe ndiye uliyekuwa mhasibu: kila mizunguko mia, harage moja kwenye sahani. Tulikuwa tunaelekea haragwe la sitini ulipoanza kuyapanga yawe gari moshi, na mpaka leo hakuna ajuaye ni mizunguko mingapi iliyomo. Alikufukuza, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mishahara ikatike.

Sasa harusi. Oktoba, jua la kupasua kichwa, shemeji zangu wote wamekaa mstari wa mbele. Baba yako akalaza gitaa mapajani kama mtu anayepeta mchele, akashika ile pini ya pistoni aliyoing'arisha iwe chuma cha kutelezesha, redio ya kaseti ikawa ampli. Akaanza. Chini chini ilikuwa tamu. Alipopanda hadi mstari wa 12, sauti ikawa inashuka. Kidogo tu. Kama mtu anayeimba huku amechoka. Mimi nimeimba kwaya tangu niko msichana, meno yaliniuma. Nikasema, na siyo kwa sauti ya chini: inashuka.

Akasimama. Akasema, nimepima.

Nikasema, inashuka.

Kaka yake mmoja akacheka. Basi.

Nyumbani alisema ni jua, na kweli alikuwa na hoja. Alumini inatanuka mara mbili ya nyuzi za chuma, hata Vikaango vya wale wa California vilikuwa vinapoteza sauti chini ya taa kali za jukwaani. Nimefikiri sana juu ya hilo jua, ningependa liwe na hatia. Lakini jua lingeharibu nyuzi wazi pia, na nyuzi wazi alikuwa amezifunga upya pale pale. Tena kosa lilikuwa linakua kadiri anavyopanda: mstari wa 5 hulisikii, wa 12 linakukwaruza. Mistari ilizaliwa mchangani ikajikunja pamoja na mwili, lakini daraja alilifunga baadaye kwa skrubu, kwa rula, kwenye 57 ya mbao. Mistari ya mtoto, daraja la mama. Na gitaa la namna ile nyuzi hazigusi mistari, mistari ni ya macho tu, mwenye kufuata sikio angesogeza chuma chake milimita nne mbele na harusi ingeendelea. Yeye alitazama mistari kwa sababu aliichonga mwenyewe.

Wiki tatu gitaa lilikaa ndani ya gunia chini ya kitanda. Ningeweza kumwambia usiku, nyumbani, tukiwa wawili. Kwa nini sikungoja? Labda sufuria ndiyo iliyosema siku ile. Sijui, na baba yako hayupo nimuulize.

Usiku mmoja nikasikia kekee ya mkono ikizunguka polepole, ile sauti ya mtu anayejificha. Sikuamka. Asubuhi daraja lilikuwa limesogea mbele, milimita saba hivi. Ukilisafisha vizuri utaona nyuma ya daraja matundu mawili matupu, moja limejaa uchafu mweusi. Ndiyo hayo. Siku hiyo nilikuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo, yeye akakaa mlangoni, akapiga, akapanda mpaka wa 12, akaiacha pale. Ilikuwa imefika. Akanitazama. Mimi nikaendelea kutwanga. Neno moja tu lilitakiwa, mwanangu, na mdomo nilikuwa nao.

Haya, swali lako. Pistoni na vifuniko vya injini ni vizuri, vinatiririka na kujaza kona. Makopo ya bia acha, yanakupa takataka nyingi kuliko chuma. Ukikandamiza gitaa la baba yako mchangani, utapata mjukuu: mistari itapatana yenyewe kwa yenyewe, lakini daraja usilipime kwa 57 wala kwa daraja la baba yako. Pima kutoka nati hadi mstari wa 12, zidisha kwa mbili, weka daraja hapo, kisha ufunge macho usikilize kabla ya kutoboa. Na mikro utoe kwanza kwa mikono safi, ule waya unakatika kwa pumzi.

Kama ni vizuri kulipeleka mchangani, hilo nilitaka kulikwepa. Mchanga hauumizi chuma. Lakini mafundi ni watu, gitaa liko wazi uani, na kilo tatu za alumini nzuri ni kilo tatu. Sikukatazi. Ningekuwa mimi ningechonga mbao mpya. Lakini sikukatazi. Kuhusu kuacha kazi ya mgodini ili uuze magitaa, hukuniuliza, ila mke wako amenipigia simu, nami nimemwambia nitanyamaza. Baba yako hakuacha kazi, kazi ndiyo iliyomwacha. Nimenyamaza.

Siku mkiwasha moto kwa mara ya kwanza, kabla ya gitaa lolote, nimiminie sufuria. Lita 20, kitako kinene. Mfano uwe mkubwa kidogo kuliko huo, unajua kwa nini. Nitakuja nayo maji ya kupimia.

Mama yako