Kwa nini miguu iliisha nguvu wakati wa kushuka Morningside?

SWALI: Salaam, mtaalamu. Nina miaka 41, naishi Tabata. Kila Jumamosi natembea na wenzangu ufukweni Coco kama kilomita nane na sichoki. Hivi karibuni tulikwenda Morogoro tukapanda milima ya Uluguru hadi Morningside. Kupanda nilikuwa mbele ya wote. Kushuka ndiko kulikonishinda: mapaja yalitetemeka, magoti yakalegea, na keshokutwa yake ngazi za ofisini nilizishuka kinyumenyume. Siku ya tano yakaisha yote. Je, magoti yangu yamechakaa? Tunarudi Agosti. Nijiandaeje, na Dar hakuna mlima?

JIBU: Salama, dada yangu. Kwa maelezo haya sioni goti lililochakaa. Maumivu ya mbele ya paja yanayofika kileleni siku ya pili kisha yakaondoka yenyewe ni ya misuli. Goti la kupeleka hospitali ni lile linalovimba, linalokwama katikati ya kukunja, linalokuachia ghafla ukitembea, au linalouma hata usiku umelala.

Unapopanda, msuli wa mbele ya paja hufupika huku ukiusukuma mwili juu. Unaposhuka, msuli huohuo unageuka breki: unakaza huku ukivutwa na kurefuka. Kazi hiyo haikutoi pumzi, kwa hiyo hujioni unachoka, lakini nyuzi za msuli zinapata michubuko midogo midogo, na maumivu yake huja baadaye. Ufukweni Coco ni tambarare. Mapafu yako yamezoea, breki hazijawahi kutumika.

La kufurahisha ni kwamba msuli hujifunza upesi sana. Ukishaufanyisha kazi ya kushuka mara moja, hata kwa kiasi, safari inayofuata maumivu hupungua, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mlima huuhitaji. Unahitaji ghorofa.

Tafuta jengo lenye ngazi imara na mwanga wa kutosha, ofisini kwenu au kwa ndugu anayekaa Upanga. Panda kwa lifti, shuka kwa miguu. Najua watu wengi hufanya kinyume chake, na kwa moyo ni sawa, ila wewe shida yako iko kwenye kushuka. Mkono uwe karibu na reli, shuka polepole, na siku ya kwanza acha kabla miguu haijaanza kutetemeka. Mara mbili kwa wiki inatosha, ukiongeza ghorofa taratibu. Nyumbani simama kwenye kidaraja cha mlangoni, shusha kisigino cha mguu mmoja hadi chini ukihesabu mpaka tatu, huku goti la mguu uliobaki juu likielekea kwenye vidole vyake, lisiingie ndani. Zoezi la mwisho la nguvu liwe siku saba au kumi kabla ya safari, ili misuli iwe imepona.

Mlimani kwenyewe, waangalie kina mama wa Kiluguru wanaoshuka sokoni na ndizi kichwani. Hatua zao ni fupi, magoti yamelegezwa kidogo, na mguu unatua chini ya mwili wala haurushwi mbele. Sisi wa mjini hunyoosha mguu mbele na kutua kwa kisigino, na ule udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya. Fuata mwendo wao. Fimbo mbili za kupandia mlima, zile za kurefushwa, zinasaidia sana. Ukianza kushuka zirefushe kidogo kuliko ulivyopandia. Kaza kamba za viatu upya pale juu, la sivyo vidole vitagonga mbele na kucha zitageuka nyeusi.

Punguza begi pia. Kushuka ngazi tu, goti hubeba takriban mara tatu na nusu ya uzito wa mwili, na kila kilo ya mgongoni inaingia kwenye hesabu hiyo. Maji usipunguze.

Nakuomba sana usimeze diklofenaki asubuhi eti ujikinge. Mtu anayetoka jasho saa nyingi, maji yakiwa machache, dawa ya aina hiyo inaweza kumuumiza figo, tena inaficha maumivu ambayo yangekuambia upumzike.

Agosti mmechagua vizuri, masika yatakuwa yameisha na njia imekauka. Laleni Morogoro, muanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Unyevu unaotoka baharini hupanda na kuwa mawingu kadiri jua linavyokolea, kwa hiyo mwonekano wa vilele ni wa asubuhi. Faida nyingine ni kwamba mtashuka mchana bila haraka, maana mtu anayekimbizana na giza hurusha miguu. Mkipanda treni ya kurudi Dar, usikae kitini mpaka Pugu. Inuka mara kwa mara, nyoosha mapaja. Jumatatu tembea kidogo hata kama panauma.