Ohio: Kumsomesha Mwanao Nyumbani Ni Kutoa Taarifa, Si Kuomba Ruhusa

Dada mmoja wa hapa hapa Columbus, Ohio, Marekani, kaniandikia juzi usiku: "Mama Rashidi, ofisini kwa wilaya ya shule wanasema lazima niende kikao na vitabu nitakavyomfundishia mwanangu, ndipo wanikubalie. Kweli?" Si kweli, mpenzi. Na damu ilinichemka, maana ndiyo maneno niliyoambiwa mimi.

Rashidi alikuwa anakaa nyuma ya darasa kimya, wanamwita mzito, na nyumbani anamsomea babake gazeti. Nikaenda ofisini kwao kusema namtoa shule. Karani akaniuliza, watu wamejaa nyuma yangu, nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la saba, Tanga. Akatabasamu lile tabasamu. Mpaka leo nikipita barabara ile naangalia upande wa pili.

Sasa sikilizeni. Zamani Ohio mzazi alitakiwa awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, la sivyo asimamiwe na mwenye shahada, aahidi saa 900 za masomo kwa mwaka, na kila mwaka mtoto apimwe. Tangu Oktoba 2023 hayo yote yamefutwa. Kilichobaki ni barua ya taarifa kwa msimamizi wa wilaya ya shule unakoishi. Si kwa mwalimu mkuu, wala si kwa karani wa dirishani! Andika jina lako, anwani yako, jina la mtoto, na ahadi kwamba atafundishwa Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, mambo ya serikali na maarifa ya jamii. Basi. Fomu yao ilitaka na mengine ambayo sheria haiyataki. Mimi niliiacha mezani nikaandika barua yangu.

Ukimtoa shuleni, barua ifike ndani ya siku 5. Usimkalishe mtoto nyumbani kwanza ukasema utaandika baadaye, utasikia habari za utoro. Halafu kila mwaka unaandika tena kabla ya Agosti 30 kupita. Ukihama, hata Westerville hapo, ni wilaya nyingine: barua mpya, siku 5 zile zile. Itume kwa rejista, risiti uiweke na pasipoti. Wao wana siku 14 za kukujibu kwa maandishi kwamba wameipokea. Kupokea, nimesema, si kukubali. (Walioko New York msinifuate mimi, huko kuna mpango wa masomo na ripoti kila robo mwaka. Texas ndiyo kabisa, hata hiyo taarifa haitakiwi.)

Shemeji alisema kwenye kundi la familia namfungia mtoto ndani awe mshamba. Huyo mshamba leo anachezea timu ya mpira ya shule ya wilaya, kwa sababu sheria inamruhusu, na hesabu za sehemu anamfundisha mtoto wa shemeji huyo huyo.

Akina mama, tumezidi kunyenyekea. Tukiona kioo na kompyuta tunasema "samahani" kabla hatujakosa. Mtoto ni wako, sheria imeandikwa, isome. Kiingereza kikikushinda, mwite kijana wa jirani akusomee. Msiogope watu wa ofisini, msiogope kabisa.

Nawe dada, kikao usiende. Barua ipeleke posta Jumatatu, na wakikupigia simu waambie jibu lao unalisubiri kwa maandishi.